Kikao cha Mchanga

Siku Mzee Mwinyimadi alipokuja Kibaha kumtembelea binti yake kwa mara ya kwanza, alikuja mikono mitupu. Zuleha alimwona tangu mbali akikata kona ya duka la vifaa vya ujenzi pale Maili Moja, kanzu imeshika vumbi, kofia imekaa upande, na moyo wake ukashtuka kabla haujafurahi. Mzee wa Vihingo hatoki shambani akaja mjini kwa mwanawe bila kufunga hata mihogo miwili mitatu kwenye kiroba. Ukimwona hivyo ujue kaja na neno, na neno lenyewe limemjaa mpaka halikuacha nafasi ya mzigo mwingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumbani kwema?"

"Kwema," mzee alijibu, kisha akatazama barabarani. "Tutazungumza ndani."

Ndani kulikuwa na vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya maduka. Zuleha alikuwa kavuka arobaini. Aliwahi kuolewa, akaachika bila ugomvi wala mtoto. Mama yake alikwisha kutangulia mbele ya haki, na ndugu wa tumbo moja hakujaliwa kuwa naye. Alikuwa amezoea kusonga ugali wa mtu mmoja, ambao ni mgumu kuupatia kuliko watu wanavyodhani: ama unabaki, ama hautoshi. Siku hiyo alisonga wa watu wawili, na mkono ukawa mzito kwa kukosa mazoea.

Mzee alikula kidogo, akanawa, akajifuta mdomo kwa leso yake.

"Wamekuja watu bondeni," alianza. "Wamevaa kofia ngumu, wamechomeka vijiti vya rangi kutoka kwa Faraji mpaka mpakani kwangu. Faraji keshawauzia, na wengine wanafuata. Wanasema huko pwani bahari inakula nchi, wanataka mchanga wa kuijazia. Wakiruhusiwa kuchota wa baharini, watatuacha. Wakikataliwa, watachukua wetu."

"Ni wa mradi wa kijiji cha Mwambakuni hao," Zuleha alisema taratibu.

"Ndiyo hukohuko. Na wanasema ruhusa ya mchanga wa baharini inaamuliwa kwenye ofisi ya hapa Kibaha. Nikawaambia, basi msihangaike kuchomeka vijiti, ofisi ile yumo mwanangu."

Mzee alilisema hilo kwa fahari, na fahari yenyewe ndiyo iliyomwelemea Zuleha. Maana tangu alipoondoka kwenda kusoma mambo ya miamba na udongo, baba yake hakuwahi kumwomba kitu. Hakuomba ada ya mtu, wala bati la nyumba, wala nauli. Leo alikuwa anaomba, tena bila kulitamka ombi lenyewe.

Kazi ya Zuleha ilikuwa kupima nani anastahili kupewa mchanga wa chini ya bahari na nani hastahili. Kijiji ambacho mawimbi yamekibomolea ufukwe kiliweza kuleta ombi, halmashauri ikasimama nyuma yake, na kama kazi ilikuwa ya kulinda pwani kwa manufaa ya wote, kamati iliwapa eneo la kuchota. Lakini mchanga wa bahari si mali ya mwenye pesa, ajijazie mbele ya nyumba yake. Wala haukuchotwa popote. Palipo na nyasi za bahari, samaki wanapozalia, hapakuguswa. Na ukichota karibu mno na nchi kavu, shimo lenyewe linaivuta pwani ile unayotaka kuiokoa. Zuleha alikuwa ameusoma mpango wa Mwambakuni wiki iliyotangulia. Alikuwa anajua ulivyo, na alikuwa anajua kwamba ni mbovu.

"Baba," alisema, "mimi siamui peke yangu. Tuko kamati."

"Najua. Lakini utakuwemo."

"Nitakuwemo."

"Basi yatosha," mzee alisema, akaomba maji ya kutawadha.

Aliondoka alasiri ileile, akisema kuku hawana mtu wa kuwafungia. Zuleha alimsindikiza mpaka akapata gari la Mlandizi, akarudi ndani, akakuta sahani mbili mezani. Aliziacha pale mpaka asubuhi.

Usingizi haukumjia vizuri siku zile. Akilala anaona bonde la kwao, mchanga mweupe unaohifadhi maji hata kiangazi kikiwa kikali, kisima cha baba yake kifupi kama sufuria, majaruba ya mpunga, minazi. Huo mchanga ndio unaoshika maji ya bonde zima. Ukiuondoa, maji yanazama. Akigeuka upande wa pili anaiona Mwambakuni, ambako alifika kikazi mwaka uliopita: msikiti umebaki na ukuta mmoja, shule imehamishiwa chini ya turubai, wanawake wanahamisha makaburi ya wazazi wao kwa majembe. Hao nao walikuwa watu. Na katikati yao kulikuwa na hoteli moja kubwa iliyojiingiza kwenye ombi la kijiji, ikachukua sehemu kubwa ya ufukwe uliotakiwa kujazwa.

Alikwenda kwa mkuu wake, Bwana Hashiru, mtu mpole mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapofikiri.

"Baba yangu ana shamba kwenye bonde lile la Vihingo," Zuleha alimwambia. "Ombi la Mwambakuni likikataliwa, watachimba kwetu. Niliona ni haki ujue."

Hashiru alifuta miwani. "Umefanya vizuri kusema. Wangekuja kujua baadaye, ingekuwa vita. Wewe unaonaje lakini? Ungependa kukaa, au kutoka?"

Swali lilikuwa la kweli. Hashiru hakumfukuza. Utaratibu ulimruhusu atangaze maslahi yake, atoe maelezo ya kitaalamu mbele ya wote, kisha aondoke wakati wa kuamua. Lakini Zuleha alijiona tayari amesimama mbele ya kamati akisema ombi halistahili, huku akijua maneno hayo yatashuka Vihingo yakiwa na jina lake.

"Nitatoka," alisema haraka. "Tangu mwanzo."

Siku ya kikao alikaa kwenye benchi la ukumbini, mlango umefungwa. Sauti zilitoka ndani zikiwa hazina maneno. Mhudumu alimletea chai, akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaondoka. Zuleha alijiambia kwamba amefanya kilicho safi. Hakuna wa kumnyooshea kidole, si wa pwani wala wa shamba. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara maneno yalipungua uzito.

Mlango ulipofunguliwa, Hashiru alitikisa kichwa. "Wamekosa. Hoteli, na eneo la kuchota lina nyasi za bahari. Wamepewa nafasi ya kurekebisha na kuomba upya."

Lakini mkandarasi aliyechomeka vijiti bondeni hakusubiri, kwa sababu kipande cha barabara ya Mwambakuni kilikuwa kinaning'inia na wilaya ilitaka kijazwe upesi. Kibali cha kuchimba nchi kavu kilipatikana. Kabla mwezi haujaandama, vijiko vya kuchimbia na matipa vilikwisha kuingia bondeni Vihingo.

Zuleha alimpigia baba yake simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga kesho yake. Siku ya tatu ilipokelewa na Hamisa, mke wa Faraji, jirani wa baba yake.

"Mzee yupo," Hamisa alisema. "Yuko uani. Anasema ana kazi."

"Anaumwa?"

"Haumwi, dada. Amekasirika. Anawaambia watu, nilikuwa na mtu mmoja ndani ya nyumba ile, na mlango ulipofungwa akawa nje, tena kwa kupenda kwake."

Zuleha alishukuru, akakata simu, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Nje palikuwa na kelele za Maili Moja kama kawaida: mpiga debe anaita abiria wa Mlandizi, mashine ya kuranda mbao inalia, redio ya kinyozi inabishana na redio ya muuza chipsi. Watu wote wale, na hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba baba yake amekataa kuongea naye. Kazini alikuwa na watu wa kusalimiana, si wa kulia mbele yao. Mume wa zamani alikuwa na familia yake Morogoro. Akafungua friji akaifunga, bila kujua alikuwa anatafuta nini.

Ilipita miezi. Alipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa mzee alikuwa uani.

Mwishowe alikwenda. Alishuka Mlandizi, akachukua bodaboda kwa njia ya Mzenga. Njia ilikuwa imeharibiwa na matipa hata mwendesha pikipiki akawa anapita porini pembeni. Walipofika juu ya bonde, Zuleha alimwomba asimame.

Bonde alilolijua halikuwepo. Palikuwa na shimo refu lenye kuta za udongo mwekundu, na chini kabisa maji ya rangi ya maziwa yaliyoharibika. Majaruba ya Faraji yalikwisha. Nyumba za upande ule zilikuwa zimefungwa, milango imepigiliwa mbao, kwa sababu walioziuza walihamia Chole na wengine Kisarawe mjini. Upande wa pili, ukingoni mwa shimo, nyumba ya baba yake ilisimama na ya Faraji tu, pamoja na minazi michache, na mmoja ulikuwa umelala kichwa chini ndani ya shimo, mizizi hewani.

Mzee alikuwa anateka maji. Kamba ya kisima ilikuwa imeungwa vipande kwa kuwa maji yalikuwa yameshuka, na kila alipovuta alipumzika.

"Shikamoo baba."

Mzee alimaliza kuvuta ndoo. Akaiweka chini. "Marahaba."

Hakusema mama.

Zuleha aliichukua ndoo akaipeleka ndani, akarudi kuteka ya pili na ya tatu, mpaka mtungi ukajaa. Kisha akafagia uwanja, ingawa ulikuwa umefagiwa. Mzee alikaa kwenye kibao chake akitazama kule shimoni ambako kijiko kilikuwa kinanguruma. Zuleha aliona kwamba akiondoka bila kusema, hatarudi tena. Atakuwa anapiga simu Ijumaa mpaka mmoja wao afe.

Akaketi mkekani. "Baba, nataka kukuambia jambo."

"Sema."

"Wewe unadhani ningekaa kikaoni, mchanga wa bahari ungetoka na bonde lingepona."

"Ndivyo ninavyodhani."

"Sivyo. Nilikuwa nimeusoma ule mpango kabla hujaja kwangu. Ulikuwa haustahili. Wangechota mahali samaki wanapozalia, na zaidi ya nusu ya mchanga ungekwenda mbele ya hoteli ya mtu. Hata ningekaa, ningesema hapana. Ulipokula ugali wangu siku ile, nilikuwa nimeshajua. Nikanyamaza."

Kijiko kilinguruma, kikanyamaza, kikanguruma tena. Mzee hakugeuka. Mzee hakuwa mtu wa matusi, kwa hiyo Zuleha alisubiri afukuzwe.

"Kwa hiyo ulitoka nje kwa nini?" mzee aliuliza hatimaye.

"Kwa sababu ningehukumu jambo lenye shamba letu ndani yake. Haifai."

"Hiyo ni sababu ya kuwaambia wao. Mimi nakuuliza wewe."

Zuleha alitazama mikono yake. "Niliogopa usije ukasikia kwamba ni mimi niliyesema hapana."

Mzee alivuta pumzi ndefu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Basi bora ungekaa ukasema. Mimi nimezeeka, Zuleha. Nimenyimwa mambo mengi na watu wengi, na nikayamudu. Neno la hapana kutoka kwa mwanangu ningelibeba. Nilichoshindwa kukibeba ni kukaa hapa nikijiuliza kama nina mtoto au sina."

Zuleha alilia, na mzee akamwacha alie. Hakumgusa. Baadaye alisema chai ipo, kama anataka, na sukari imekwisha. Wakanywa chai isiyo na sukari. Jioni ilipoingia Zuleha aliondoka, na mzee alimsindikiza mpaka mwanzo wa njia tu, akageuka bila kupunga mkono.

Ombi jipya la Mwambakuni lilikuja mwishoni mwa kiangazi. Safari hii halmashauri ndiyo iliyolibeba, hoteli imeondolewa, na eneo la kuchota limesogezwa mbali, penye mchanga mtupu. Hashiru aliamua kikao kiwe cha wazi, kwa kuwa maneno yalikuwa mengi. Watu wa Mwambakuni walikuja na basi. Watu wa Vihingo walikuja wachache, kwa kuwa waliobaki walikuwa wachache. Mzee Mwinyimadi aliketi safu ya nyuma, kanzu safi, fimbo katikati ya magoti.

"Unatoka?" Hashiru alimnong'oneza Zuleha mlangoni.

"Nitatoka mkipiga kura. Kwanza nataka kusema."

Alisimama. Aliwaambia wote kwamba yeye ni mzaliwa wa Vihingo, kwamba baba yake mzazi yumo humu ukumbini na shamba lake limo ukingoni mwa shimo, kwa hiyo wayasikilize maneno yake wakijua hilo. Kisha akasema ombi safari hii linastahili: kazi ni ya watu wote, mwombaji ni halali, na mahali pa kuchota hapana madhara. Minong'ono ya furaha ilianza pande zote mbili za ukumbi, wa pwani na wa shamba wakitazamana kwa mara ya kwanza.

"Lakini," Zuleha alisema.

Ukumbi ukatulia.

"Nimeushika ule mchanga. Ni laini kuliko ule wa ufukwe wenyewe. Ukimwagwa pale, pepo za kusi za mwaka mmoja zitaurudisha wote baharini, na Mwambakuni watakuwa wamejengewa ufukwe wa uongo. Pale nje zaidi baharini kuna fungu lenye mchanga wa chenga kubwa. Upimwe huo kwanza. Najua kupima kutachukua muda, na muda huo matipa yataendelea Vihingo. Najua yanapita wapi." Akatazama safu ya nyuma. "Baba, nimeona nikuambie nikiwa hapahapa."

Mtu mmoja wa Vihingo alisonya kwa sauti. Mwingine akasema, "Mtoto gani huyu?" Mzee Mwinyimadi aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. Uso wake haukusomeka. Zuleha alikusanya karatasi zake, akatoka, akakaa kwenye benchi lilelile. Kamati ilikubali ushauri wake.

Watu walipomiminika nje, wa Vihingo walimpita bila salamu, hata Faraji, ambaye shamba lake liliuzwa kwa hiari yake. Mzee alitoka wa mwisho. Alisimama mbele ya binti yake, akasafisha koo.

"Leo nimekusikia," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Yameniuma."

"Najua, baba."

"Haya mama. Nitafutie gari."

Hiyo *mama* Zuleha aliishika kifuani njia nzima mpaka kituoni.

Fungu la nje lilipimwa, likafaa. Meli ya kufyonza mchanga ilikuja masika yalipokuwa yanakatika, na siku chache baadaye matipa ya Vihingo yaliondoka. Hayakurudisha kitu. Shimo lilijaa maji ya mvua, likawa ziwa lisilo na jina, na kisima cha mzee kilibaki kirefu. Waliohama hawakurudi. Hamisa na Faraji nao walihama, wakaenda kwa mtoto wao Kisarawe, na mzee akabaki ukingoni na kuku wake. Zuleha alimwomba aje Kibaha. Alikataa. Zuleha akaomba uhamisho wa kazi Kisarawe, na ombi hilo lilikuwa bado linazunguka kwenye ofisi za watu.

Mwaka uliofuata alitumwa kukagua Mwambakuni. Alifika asubuhi. Ufukwe ulikuwa mpana, mchanga wa chenga kubwa umekaa imara, umepitiwa na kusi nzima haukuondoka. Barabara ilisimama. Wanafunzi walikuwa darasani chini ya bati jipya, wanaimba hesabu. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walimwangalia yule mgeni mwenye viatu mkononi, wakamjibu salamu, wakaendelea na mazungumzo yao. Hakuna aliyemjua, na hakuwa na sababu ya kujitambulisha.

Alitembea mpaka mwisho wa ufukwe, akakaa chini, akapiga simu. Safari hii iliita mara mbili tu.

"Shikamoo baba. Niko Mwambakuni."

"Marahaba. Umefika salama?"

"Salama. Mchanga umekaa, baba. Haukuondoka."

Kwa nyuma Zuleha alimsikia jogoo.

"Wapo watu hapo?" mzee aliuliza.

"Wapo."

"Wengi?"

"Wengi, baba."

"Haya," mzee alisema. "Vizuri."

Zuleha alikaa na simu sikioni, akimsikiliza baba yake anavyopumua kule Vihingo, na mzee naye hakukata.